Kosa langu la 4k7, na omu ilikotoka

Najua nimewatupa. Wiki zote za BTP zimepita bila kuandika hata mstari mmoja, maana kule nilikopangiwa mtandao ulikuwa wa kupanda kilima kuutafuta. Nimerudi chuo juzi. Godoro bado limekunjwa, madesa ya muhula mpya sijanunua, lakini kuna jambo nimerudi nalo na nisipoliandika leo sitalala vizuri. Ni habari ya kusahihisha daftari, tena ya alama mbili tu.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kidato cha tatu, fizikia, mada ya umeme. Kwenye jaribio la kwanza nikaweka swali jepesi la kuwapa watoto moyo: badilisha omu 4,700 ziwe kilo-omu. Hilo kila mtu analijua, unagawa kwa elfu moja, unapata kilo-omu 4.7, unasonga mbele. Sasa binti mmoja wa dawati la nyuma akaandika "4k7". Basi. Hakuna nukta, hakuna alama ya omu, herufi imekaa katikati ya tarakimu kama mtu aliyekosea mlango. Nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika "Soma tena!"

Kesho yake akaja ofisini. "Shikamoo Madam." Marahaba. "Madam, mbona mjomba anaandika hivi hivi?" Mjomba wake ni fundi redio pale stendi. Nikamjibu kwamba mjomba hafanyi mtihani wa taifa. Walimu wenzangu wakacheka, na mimi nikajiona nimejibu vizuri. Binti hakucheka. Akauliza la pili: "Sasa Madam, hiyo omu moja yenyewe, nani alisema iwe kubwa kiasi gani?"

Jamani. Nimesoma fizikia tangu kidato cha kwanza, na sasa nasomea kuifundisha, lakini swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nikampa lile jibu ambalo sote tumewahi kupewa: ndivyo ilivyo, kariri. Akaondoka. Mpaka BTP inaisha hakunyoosha kidole tena kwenye kipindi changu.

Wiki ya mwisho redio yangu ikagoma, nikaipeleka stendi kwa huyo huyo mjomba (sikujitambulisha, niliona aibu). Alikuwa na mchoro wa saketi, kopi ya kopi, umefifia. Kila mahali pameandikwa 4k7, 2M2, 4R7. Nikajifanya sijui nikamuuliza. Akanieleza taratibu: dada yangu, kwenye kopi nukta inafutika. Ukiandika 4.7 nukta ikipotea fundi atasoma 47, ataweka rezista isiyofaa, na kifaa kinaweza kuungua. Kwa hiyo herufi inakaa mahali pa nukta. 4R7 ni omu 4.7, 4k7 ni kilo-omu 4.7, 2M2 ni megaomu 2.2. Baadaye nikafuatilia nikakuta kumbe si lugha ya vijiweni. Ni utaratibu unaotambulika kimataifa na una viwango vyake rasmi. Sisi tunaoishi kwa madesa, tunaojua nukta zinavyopotea kwenye mashine ya kopi, tulipaswa kuwa wa kwanza kuuelewa!

Kwa hiyo swali la kwanza la binti lilikuwa na jibu, na mwenye jibu alikuwa mjomba. Swali la pili ndilo lililonipeleka maktaba tangu nirudi. Nani alisema omu moja iwe kubwa kiasi gani? Haya, tuanze.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, mtoto wa fundi wa kufuli. Kuanzia mwaka 1817 alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika sekondari moja ya Cologne. Naam, mwalimu wa sekondari kama tutakavyokuwa sisi, akitumia maabara ya shule baada ya vipindi. Mwaka 1826 alifanikiwa kuonyesha kwamba mkondo wa umeme unategemea msukumo unaousukuma na ukinzani wa njia unayopita, yaani jinsi njia hiyo inavyoubania umeme. Mwaka 1827 akachapisha kitabu chake Berlin. Wakubwa wengi wa huko kwao hawakukipokea vizuri, akaacha kazi Cologne, akaishi miaka kadhaa kwa kuungaunga. Heshima ilimjia kutoka nje: Royal Society ya London ikampa medali ya Copley mwaka 1841. Alifariki mwaka 1854.

Sasa angalieni jambo hili. Ohm hakuwahi kupima kitu chochote kwa omu! Kwenye majaribio yake ukinzani ulikuwa ni urefu wa waya. Waya huu una inchi kadhaa, ule una inchi kadhaa, unene ni uleule, basi unalinganisha. Kwake ilitosha kwa sababu waya zote zilikuwa mezani pake. Shida inaanza pale mtu wa Cologne anapotaka kumwambia mtu wa London amepata ngapi.

Na ndipo kila mtu akaja na kipimo chake. Wheatstone wa Uingereza mwaka 1843 alitumia futi moja ya waya wa shaba wenye uzito wa chembe 100 (ile mizani ya zamani ya Kiingereza). Jacobi, aliyekuwa Urusi, mwaka 1848 alichukua waya wa shaba wa futi 25 hivi, akauita kipimo, akawatumia wanasayansi wenzake ili kila mmoja aulinganishe na wa kwake. Watu wa telegrafu nao wakaja na vyao. Wafaransa walitumia kilomita moja ya waya wa chuma wenye unene wa milimita 4. Wajerumani maili moja ya kwao, inayozidi kilomita 7, ya waya wa chuma. Waingereza maili moja ya waya wa shaba.

Mtu anaweza kusema, si tatizo, tengeneza jedwali la kubadilishia, kilomita hapa, maili pale, tumemaliza. Hapana. Baadaye vipimo hivyo vilipolinganishwa kwa omu ya kwanza, ile kilomita moja ya waya wa chuma wa milimita 4 ilikuwa na majibu matatu. Ya Digney ilikuwa omu 9.27 hivi, ya Bréguet 9.76, ya Waswisi 10.42. Maelezo ni yaleyale, namba ni tofauti! Sababu ni kwamba chuma cha huyu si chuma cha yule. Shaba nayo hivyo hivyo. William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha mwaka 1857 kwamba shaba iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya kebo ilitofautiana sana katika kupitisha umeme, hata kama waya zina urefu na unene sawa. Uchafu kidogo tu ndani ya shaba unabadilisha mambo. Joto nalo linabadilisha. Kwa hiyo kusema "futi moja ya shaba" ni kama kusema "kisado kimoja" bila kusema kisado cha nani.

Mtaniuliza, na ni nani aliumia? Wanasayansi kugombania waya, shauri yao. Jibu liko baharini, wadau.

Miaka ya 1850 Waingereza walianza kutandaza kebo za telegrafu chini ya bahari. Ile ya Atlantiki ya mwaka 1858 ilifanya kazi wiki chache tu ikafa. Ile ya Bahari ya Shamu, iliyotoka Suez kwenda Aden, kisha kupitia Maskati mpaka Karachi mwaka 1859 na 1860, nayo ikafa. Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 1861. Kati ya maili 11,000 hivi za kebo zilizokuwa zimetandazwa, kama 3,000 tu ndizo zilizokuwa zinafanya kazi. Fedha zilizozama hapo hazielezeki.

Kebo ikikatika baharini unajuaje imekatikia wapi? Huwezi kutuma mtu akaangalie. Unakaa ufukweni na kifaa chako, unapima ukinzani wa kebo kutoka hapo ulipo mpaka pale shaba inapogusa maji, halafu unagawa kwa ukinzani wa maili moja. Namba unayoipata ndiyo umbali wa kuituma meli. Tuseme (namba hizi ni zangu za mfano) kebo ina omu 5 kwa kila maili, na kifaa kinasoma 600. Ukigawa unapata maili 120. Lakini je, kama kifaa hakikuwa cha omu? Tuseme kilikuwa cha kipimo cha Siemens, ambacho kilikuwa karibu 0.9536 ya omu ya wakati ule. Hapo 600 yako ni omu 572 tu, na kebo imekatikia maili 114. Meli itakwenda karibu maili 6 kupita mahali penyewe, ikivuta ndoano chini ya bahari usiku na mchana, ikitafuta kitu ambacho hakipo. Hapo ndipo nilipoielewa ile alama yangu nyekundu. Kubadilisha vipimo niliwafundisha kama mchezo wa kuhamisha nukta, na nukta yenyewe ina meli nzima nyuma yake.

Kwa hiyo walioanza kudai kipimo kimoja walikuwa mainjinia wa kebo. Mwaka 1861 wawili wao, Latimer Clark na Charles Bright, walipeleka hoja kwenye mkutano wa Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi mjini Manchester. Wakapendekeza vipimo vipewe majina ya wakubwa wa umeme. Kichekesho ni kwamba kwenye orodha yao jina la Ohm lilikuwa kwenye msukumo, na ukinzani ulipewa jina la Volta. Yaani leo tungekuwa tunasema waya una ukinzani wa volti! Baadaye majina yakabadilishana viti. Mwaka huohuo chama kikaunda kamati, kwa kusukumwa na Thomson, na ndani yake wakaja kuingia watu kama James Clerk Maxwell na Fleeming Jenkin.

Hapo kukawa na mvutano wa kweli. Upande mmoja ni Werner Siemens wa Berlin. Mwaka 1860 alisema, achaneni na shaba na chuma, chukueni zebaki. Zebaki ni kimiminika, inasafishika vizuri, na ni ileile Berlin na London. Jaza mrija wenye urefu wa mita moja na upana wa ndani milimita moja ya mraba, uweke kwenye joto la barafu inayoyeyuka, ukinzani wake uitwe moja. Hoja nzuri sana, maana mtu yeyote mwenye mrija na zebaki anajitengenezea kipimo mwenyewe.

Upande wa pili ni Waingereza, waliofuata njia ya Mjerumani mwingine, Wilhelm Weber. Wao walisema mita moja ya zebaki ni namba tu ya kuokota. Tunataka kipimo kinachoingiliana na vipimo vya nguvu, kazi na joto, ili mtu akijua mkondo na ukinzani ajue moja kwa moja kazi inayofanyika bila kuzidisha kwa namba za ajabu ajabu. Katika mfumo wa Weber ukinzani ulitoka kama mwendo, mita kwa sekunde. Lakini mita moja kwa sekunde ni ukinzani mdogo mno, hauna kazi kwa fundi wa telegrafu. Basi wakachukua mita 10,000,000 kwa sekunde. Mita hizo ni robo ya mzunguko wa dunia, kutoka ncha ya kaskazini mpaka ikweta, kwa jinsi mita ilivyokusudiwa hapo mwanzo. Na kwa nini hiyo hasa na siyo namba nyingine? Kwa sababu iliangukia karibu na kipimo cha Siemens ambacho watu walishaanza kukizoea. Kumbe hata wasomi hawapendi kuwashtua watu na namba ngeni.

Ili kuipata, Maxwell na wenzake mwaka 1863 walizungusha koili ya waya ndani ya King's College, London. Koili ikizunguka katika usumaku wa dunia inazaa umeme, na sumaku ndogo iliyoning'inizwa katikati inageuka kidogo. Ukijua mwendo wa koili na vipimo vyake, na ukaona sumaku imegeuka kiasi gani, unapata ukinzani wake. Kutokana na majaribio hayo walitengeneza koili za mfano na mwaka 1865 zikaanza kusambazwa. Kwanza waliuita "ohmad", baadaye likakatwa likabaki ohm. Mwalimu wa Cologne alikuwa kaburini miaka kumi na moja. Ile alama ya Ω tunayoichora leo ilipendekezwa na William Preece mwaka 1867.

Mnadhani imeisha? Bado. Kuanzia 1881 Lord Rayleigh, akiwa Cambridge na wasaidizi wake akiwemo Eleanor Sidgwick, alirudia kazi ile na kukuta omu ya chama ni ndogo kuliko ilivyokusudiwa kwa karibu asilimia 1.3. Maxwell mwenyewe na wenzake walikuwa wamekosea! Na hakuna aliyewaandikia "Soma tena!"

Mwaka huohuo wa 1881 mataifa yakakutana Paris na kupata suluhu ambayo naipenda sana. Ukubwa wa omu utakuwa ule wa Waingereza, lakini mwili wake utakuwa zebaki ya Siemens. Kila upande ukaondoka na chake. Kilichobaki ni kukubaliana mrija uwe na urefu gani ili zebaki ifikie ukubwa huo. Mwaka 1884 wakasema sentimita 106. Mwaka 1893, Chicago, wakasema 106.3, na zebaki ipimwe kwa uzito, gramu 14.4521. Hiyo ikaitwa omu ya kimataifa. Kwa hiyo anayesoma ripoti za zamani anahitaji jedwali kama hili:

Kipimo 1 cha Siemens (1860) = omu ya kimataifa 0.9407 hivi
Omu 1 ya chama cha Waingereza (1865) = omu ya kimataifa 0.9866 hivi
Omu 1 "halali" (1884) = omu ya kimataifa 0.9972 hivi
Omu 1 ya kimataifa (1893) = omu 1.00049 za baada ya mwaka 1948

Na huku kwetu? Kebo ya kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, ikaendelea Msumbiji mpaka Durban. Angalieni tarehe vizuri: ni miaka miwili kabla ya mkutano wa Paris. Yaani pwani yetu iliunganishwa na dunia kwa waya wakati dunia yenyewe haijakubaliana omu moja ni kubwa kiasi gani.

Mengine nayapitia haraka. Mwaka 1948 mrija wa zebaki ukastaafishwa, mataifa yakarudi kwenye hesabu ya Weber na Maxwell. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing akagundua kwamba kipande chembamba cha semikonda, kwenye baridi kali na sumaku kali, kinatoa ukinzani uleule kila mara, omu 25,812.807 hivi, popote na kwa yeyote. Akapata Nobel mwaka 1985, na kuanzia 1990 maabara za dunia zikaanza kutumia namba hiyo kulinganishia. Tangu tarehe 20 Mei 2019 omu inatokana na namba mbili za asili zilizofungwa moja kwa moja: chaji ya elektroni na namba ya Planck. Ndoto ya Siemens ya kipimo ambacho yeyote anaweza kujitengenezea imetimia, ila bila zebaki yake. Siemens mwenyewe hakutupwa. Tangu 1971 jina lake ni kipimo rasmi cha upitishaji, yaani kinyume cha ukinzani. Omu 4 ni siemens 0.25. Kabla ya hapo kipimo hicho kiliitwa "mho", ambalo ni neno ohm limesomwa kinyumenyume, na aliyelipendekeza ni Thomson mwaka 1883. Wazee nao walikuwa na utani wao.

Basi hilo ndilo jibu la swali la dawati la nyuma. Nani alisema omu iwe kubwa kiasi gani? Watu walisema, tena baada ya kuvutana na kukosea kuanzia 1861 mpaka 1893, miaka 32. Mtoto wa kidato cha tatu aliuliza kitu ambacho Maxwell alikizungushia koili, na mimi nikamwambia akariri.

Jana nimempigia simu mwalimu mwenyeji wa somo kule shuleni. Nimemwomba arudishe zile alama mbili. Akacheka, akasema alama za mazoezi hazibadilishi kitu. Nikamwambia mwalimu, tafadhali, kwangu zinabadilisha. Akakubali. Nimeandika pia barua ya kurasa mbili kwa mkono, nitaituma kesho kwa basi, imfikie binti kupitia kwake. Nimeanza hivi: mjomba wako yuko sahihi, na mimi nilikosea. Halafu nimemweleza habari ya kebo na meli. Mwisho nimemwomba aniulize la tatu, kama lipo.

Sijui kama atajibu. Wenzangu wa elimu mnaokwenda BTP mwakani, mkikuta daftari lina jibu la ajabu, kabla ya wino mwekundu muulizeni kwanza mwenyewe amelitoa wapi.

Alamsiki. Naenda kununua madesa.